Khadra wa Plastiki

Watu wakiniuliza siku hizi kwa nini sikai tena kwenye kile kiti pale baridini, nawaambia ni magoti. Uongo mtupu. Magoti yangu mazima, naweza kutembea mpaka Bulapesa na kurudi bila kupumzika. Nasema magoti kwa sababu mtu akisikia magoti anasema pole, anaenda zake. Kisa chenyewe ni kirefu na hakinipambi, lakini nimechoka kukisikia kikisimuliwa vibaya na watu ambao hata hawakuwepo. Acha nikiseme mwenyewe.

Mimi ni Khadra, mama yake Nasteha. Babu yangu aliletwa hapa Isiolo na jeshi la Waingereza, vita vikaisha, akabaki, akanunua ngamia. Kwa hiyo maziwa ya ngamia sikufundishwa na mtu yeyote wa semina. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mwonjaji wa chama chetu cha akina mama. Tuko arobaini. Kila mama ana wachungaji wake huko nje na ana mitungi yake. Asubuhi maziwa yanafika, mengine kwa pikipiki, mengine kwa pikapu inayotoka Ngaremara, na yote yanaishia chumba kimoja tunachokiita baridini, ndani ya tangi moja kubwa. Kutoka hapo basi linayapeleka Nairobi. Sasa sikia hapo: tangi ni moja. Mtungi mmoja mbovu ukimwagwa humo, arobaini wanalia. Kwa hiyo lazima mlangoni awepo mtu, na huyo mtu alikuwa mimi.

Mama anafungua mtungi, nanusa, nachota kwa kikombe changu cha bati, naonja, nasema. “Haya, mimina.” Ama, “Rudi nayo.” Nikiinua kikombe hakuna anayefungua mdomo mpaka niseme mimi. Hiyo ilikuwa sheria, hata mwenyekiti aliifuata, maana mtu anayeongea karibu yako anaweza kukutia mdomoni ladha ambayo haipo. Nilijua mtungi uliofukizwa kwa moshi vizuri ili maziwa yasiharibike na ule uliofukizwa mbio mbio na mtu aliyeamka akiwa amechelewa. Nilijua ngamia aliyedungwa sindano juzi. Nilijua maziwa yaliyoongezwa maji, na kama ni maji ya bomba ama ya mto. Wakaniita Pua. Nilipenda. Nani asiyependa kuitwa jina la kitu anachokijua?

Halafu ukaja ule mwaka wa barakoa. Nilikohoa siku kumi na mbili. Nilipopona nikakaanga kitunguu, nikainama juu ya sufuria, hakuna kitu. Nikafungua mafuta ya taa, nikaweka pua pale kwenye mdomo wa chupa. Hakuna. Nikaenda mpaka chooni, nisamehe, nikasimama humo nikivuta pumzi kama mwendawazimu. Hakuna. Nikangoja mwezi, nikangoja mwaka. Ulimi ulinibakia: chumvi, sukari, uchachu, uchungu. Hayo mengine yote yalienda. Chakula kikawa cha moto ama cha baridi, basi.

Na si chakula peke yake. Nasteha alipojifungua huko Garissa nilisafiri, nikapewa mtoto, nikamnusa utosini vile sisi hufanya, nikamrudisha. Nikasikia shangazi zake wakinong'ona, mbona bibi amekuwa mgumu hivi. Sikuwa mgumu. Sikuwa chochote. Nilikuwa nimekaa pale kwenye mkeka kama mzigo ulioshushwa, na nilijua ninatakiwa kufurahi, na nikafurahi kwa mdomo.

Sikumwambia mtu. Mficha maradhi kifo kitamuumbua, najua, hiyo methali nimewatupia wengine mara mia, tena kwa sauti. Lakini mtu anayeitwa Pua ataanzia wapi kusema hana pua? Mume wangu alikwisha kufa zamani, watoto wako mbali, nyumbani hakuna wa kuniuliza kwa nini mchele umeungua. Nikatafuta njia.

Njia yenyewe ilikuwa nyuso. Mwenye maziwa mazuri akifungua mtungi anaangalia mtungi. Mwenye maziwa yenye kasoro ananiangalia mimi. Wa maji anasifu dera langu. Aliyechelewa kufukiza ananiuliza Nasteha hajambo, mtoto hajambo, na Garissa kuna mvua? Nilikuwa nainama, navuta pumzi kwa kelele, naonja kama yamechacha, na jibu nilikuwa nimeshalisoma kwa uso kabla hata kikombe hakijalowa. Nikakosea mara moja moja, kama mtu yeyote. Miaka mitatu nikaishi hivyo.

Ndio wakaja wale wa vifuniko.

Mradi fulani ulituletea fundi kutoka Meru, Vincent, mtu mzima mwenye mvi za pembeni na upole mwingi. Alibeba sanduku la vifuniko vya mitungi. Ukivitazama juu ni plastiki tu, lakini kwa ndani kila kimoja kina kidude kidogo, kama kifungo cha koti. Hicho kinanusa maziwa njia nzima, kinapima joto, na ukifika baridini kinaongea na tangi chenyewe. Taa juu ya mlango ikiwaka kijani, mlango wa kumiminia unafunguka. Ikiwaka nyekundu, haufunguki.

“Na kompyuta iko wapi?” akauliza Bisharo, mwenyekiti wetu. Bisharo hapendi kitu asichokiona.

“Ndiyo hiyo, mama,” Vincent akasema. “Zamani kompyuta mtu alikuwa anaiendea. Anavuta kiti, anakaa mbele yake, anaiandikia. Sasa yenyewe inaingia kwa vitu vyenu. Hamtaiandikia kitu. Mtafanya kazi yenu tu vile mnafanya.”

“Kama jini,” akasema Bisharo, na tukacheka mpaka Vincent naye akacheka.

Lakini kifuniko hakizaliwi kikijua maziwa ya ngamia. Lazima kifundishwe. Vincent akaeleza kwamba anahitaji mtu wa kuonja chupa nyingi na kusema hii nzuri, hii mbaya, halafu kifuniko kinanusa chupa ile ile na kushika. Akauliza nani ana pua nzuri kuliko wote. Mikono yote ikaelekea kwangu. Hapo ningesema. Nilikuwa na nafasi nzuri tu ya kusema, na chai mkononi.

Chupa zilikuwa mia tatu, wiki tatu. Kila chupa namba, hakuna jina, hakuna mwenyewe aliyesimama mbele yangu. Hakuna uso. Yaliyochacha niliyakamata kwa ulimi, hayo sina wasiwasi nayo. Na hayo mengine? Nikaanza kuziinua chupa dirishani. Nikaona kwamba kwa baadhi kuna vichembe vyeusi, vidogo sana, vya ule mkaa wa kufukizia mtungi. Nikajiambia, mama anayefukiza ni mama makini, maziwa yake yatakuwa mazuri. Yenye vichembe nikasema mazuri. Yaliyo meupe pe pe pe nikasema mabaya. Nilisema kwa sauti ya uhakika. Sauti ya uhakika ninayo, hiyo sikunyimwa.

Vincent aliandika yote. Mwishoni akakijaribu kifuniko na mimi, chupa kwa chupa, akaja akitabasamu. “Mama Nasteha, kati ya mia mnakubaliana tisini na sita. Kimekuwa wewe kabisa.”

“Alhamdulillahi,” nikamwambia.

Baada ya hapo baridini pakabadilika, na hakuna aliyetuambia patabadilika namna ile. Zamani asubuhi ilikuwa soko. Salaam aleikum, habari ya nyumbani, wewe jana uliniletea maji leo umeniletea nini, na mwingine anaapa kwa mtoto wake, na mwingine anatukana wachungaji. Sasa mama anaweka mtungi kwenye benchi, taa inawaka kijani, anamimina, anaondoka. Simu iliyo kwa mkoba inalia kumwambia yamepokelewa. Dakika moja. Wengine hata salamu wanaitolea njiani. Akaale, mama mmoja Mturkana ambaye hanyamazi mahali popote, alipopata nyekundu ya kwanza alishika kiuno akaanza kukitukana kifuniko, na tukangoja tuone. Kifuniko hakikujibu. Akaniangalia mimi, nikainua mabega. Akabeba mtungi akatoka, na nilimuona amekasirika zaidi kwa kukosa mtu wa kugombana naye kuliko kwa yale maziwa.

Wao wenyewe ndio walikiita Khadra. “Khadra amekubali?” “Khadra wa plastiki amenikataa leo, ati.” Wakicheka. Mimi nilibaki na kiti changu kile kile mlangoni, heshima ya mzee, na kikombe cha bati nikikishika mkononi bure. Nilikuwa nimepata raha. Hakuna tena anayenifungulia mtungi mbele ya macho. Kama mtu angeniuliza unaonaje, ningesema naona sawa, na ningekuwa nasema kweli, kwa sababu sikuwa naona kitu.

Sasa Wato.

Wato ni Mborana wa Biliqo, aliletwa Isiolo bibi harusi juu ya lori la mbuzi, na hiyo hadithi ya lori tumeichekea miaka thelathini. Nyumba yake na yangu zinagawana ukuta. Mume wangu alipokufa ni Wato aliyelala kwangu siku arobaini. Wake alipokufa nililala kwake. Ana wajukuu wawili, mama yao hayupo, na watoto hao wanakula kwa mtungi mmoja unaoletwa kila siku kutoka kwa ngamia za shemeji yake Guyo. Hana kitu kingine.

Mwaka jana kifua cha Wato kilimsumbua mpaka daktari akamkataza moshi. Moshi wowote. Kwa hiyo akaacha kufukiza. Mitungi yake akawa anaiosha kwa maji yanayochemka, anaianika juani kutwa, anaiosha tena. Inang'aa. Maziwa yake hayana hata chembe moja nyeusi.

Nyekundu.

Siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili alirudi nyumbani akaiosha mitungi mara tatu. Na sheria ya mradi ilikuwa hivi: nyekundu kumi, namba yako inafungwa. Haifungwi na Bisharo, haifungwi na Vincent. Inajifunga yenyewe, na mlango hautakufungukia tena, na wachungaji wako watatafuta mama mwingine. Hata wakisikitika watatafuta. Maziwa hayangoji.

Nyekundu ya tatu ilipotokea, Wato alikuja kwangu jioni na kikombe cha chai mkononi, vile huwa anakuja. Akakaa.

“Abaayo,” akasema, akiniita dada kwa Kisomali changu, “hii Khadra yako ya plastiki inanikataa. Wewe ukiifundisha ulinusa nini?”

“Nilinusa maziwa, Wato. Ningenusa nini?”

Akanywa chai yake. Mimi nilishajua. Nilikuwa nimeiona mitungi yake uani, inang'aa kama sahani za mgeni, na nikajua pale pale kosa liko wapi na ni la nani. Hata sikuhitaji kufikiri. Na kinywa changu kikasema, “Labda ni maji. Muulize Guyo, isije ikawa wale wachungaji wake wanaongeza.”

Akaenda akamuuliza Guyo. Guyo alikasirika, wakarushiana maneno mbele ya watu, na Guyo ni mtu ambaye hajawahi kumkosea Wato hata siku moja. Hilo ni langu pia.

Nyekundu ya sita akaja tena. Hakubeba chai. Akauliza vile vile, kwa maneno mengine, na mimi nikasema labda ni majani, ngamia wamehamia malisho mapya. Ya tisa ilitoka Jumamosi. Jioni hiyo alisimama tu mlangoni kwangu.

“Khadra,” akasema. “Kuna kitu unataka kuniambia?”

Nikamwangalia usoni, vile nilivyozoea kuwaangalia wote. Niliona mwanamke aliyechoka. Macho mekundu, lakini kifua chake humfanya hivyo. Nikapima, nikaona hajui.

“Hakuna,” nikasema.

Akasema sawa, akaenda. Nikafunga mlango, nikapika wali, nikala. Ulikuwa wa moto. Nililala vizuri, na hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka. Nililala vizuri kabisa.

Jumatatu Bisharo aliita mkutano baridini, maana nyekundu ya kumi ingetoka siku hiyo na Wato si mtu wa kufukuzwa na kifuniko hivi hivi. Vincent alikuja kutoka Meru. Akina mama wakajaa mpaka nje.

“Khadra wa plastiki amesema mara tisa,” Bisharo akasema. “Leo kifuniko kiwekwe kando. Tutamsikia Khadra wa nyama. Akisema mazuri, hizo nyekundu zinafutwa. Akisema mabaya, Wato, utatusamehe.”

Vincent akakubali. Akasema kwa upole wake kwamba kwa kweli Mama Nasteha ndiye mwalimu, na mwanafunzi hawezi kumshinda mwalimu. Nikaona watu wakifurahi. Miezi mingi hawajaniona nikinusa kitu. Wengine walikuwa wamesogea kama wanaotazama harusi.

Nami nilikuwa nimepanga. Nitasema mazuri. Wato ananusurika, mimi nanusurika, na kesho nitamwambia Vincent afundishe kifuniko upya kwa sababu, sijui, majira yamebadilika. Hakuna anayeumia. Nilijisikia hata mwema kidogo.

Wato akaweka mtungi mbele ya kiti changu. Akaufungua.

Akaale akapiga chafya. Mtu nyuma akaanza kusema kitu, lakini nilikuwa nimeshainua kikombe, na sheria ni sheria. Wakanyamaza wote. Nikainama, nikavuta pumzi kwa kelele kama kawaida yangu. Nikainua macho nimsome Wato usoni, hata kama jibu nilikuwa nalo, mazoea tu.

Wato alishika pembe ya mtandio wake akaufunika uso. Pua na mdomo. Yakabaki macho, nayo akayashusha sakafuni.

Wato hajawahi kufunika uso maisha yake yote. Hata kwa mkwe wake hafuniki. Nilikaa pale na kikombe hewani, na mara ya kwanza kwa miaka mingi nikaogopa. Nikageukia wengine. Bisharo nyusi ziko juu. Vincent anatazama viatu vyake. Akaale amejiziba mdomo kwa kiganja. Nyuso arobaini, na sikuweza kusoma hata moja. Nikaonja. Hayakuchacha. Kuna uchungu kidogo sana kwa mbali, nikasema hayo ni majani.

“Ni mazuri,” nikasema. “Masafi kabisa. Mimina.”

Hakuna aliyepiga vigelegele.

“Khadra,” Bisharo akasema polepole, “ebu rudia.”

“Nimesema mazuri. Kwani leo mmeziba masikio?”

Wato akasema kutoka ndani ya mtandio, “Yananuka nini?”

“Yananuka maziwa ya ngamia, Wato. Ulitaka yanuke nini, chapati?”

Nilingoja wacheke. Wananichekea siku zote. Wato akatia mkono ndani ya dera lake, akatoa kichupa, akakiweka kwenye mapaja yangu. Marashi ya waridi, yale ya kuwapaka wageni harusini. Kilikuwa kitupu.

“Chupa nzima nimemwaga,” akasema. “Hata mzee muuza sigara pale nje ameuliza nani anaoa.”

Mkono wangu ukakichukua kile kichupa ukakipeleka puani. Sikuutuma. Ulikwenda wenyewe, mbele ya watu wote, na nikavuta pumzi, na wote wakaniona nikivuta, na wakaona hakuna kilichoingia.

Basi nikasema. Nilisikia sauti yangu ikieleza yote, kitunguu, mafuta ya taa, nyuso, chupa mia tatu, vichembe vya mkaa. Ilikuwa sauti ya kawaida tu, kama ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya duka. Nikamalizia na Guyo.

Vincent alikaa chini kwenye kreti. “Kumbe hakinusi maziwa,” akasema, kama anajiambia mwenyewe. “Kinanusa moshi.” Hakunikemea. Ningependa sana anikemee. Alitoa simu, akabonyeza bonyeza, na taa ya mlangoni ikazimika, akaanza kufungua vifuniko vya mitungi kimoja kimoja na kuvirudisha kwa sanduku.

Bisharo ndiye aliyekasirika, na Bisharo akikasirika hapazi sauti, anaishusha. “Na sisi muda huu wote tumewapelekea watu Nairobi nini, Khadra? Mtu akitia dawa ya mbuzi ili yasichache na akafukiza vizuri, imepita. Si imepita? Watoto wa watu wanakunywa.” Akakinyooshea kidole kiti changu. “La kuvunda halina ubani,” akasema. “Ondoka kwa hicho kiti.”

Nikaondoka. Akina mama walinipisha njia pana kuliko nilivyohitaji.

Nyekundu za Wato zilifutwa siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata Vincent alirudi na chupa nyingine mia tatu, na pua waliyoichagua ni ya Wato, kwa sababu ni mtu ambaye hata moshi wa jirani unamkohoesha. Wanasema sasa kifuniko kinakamata kila kitu. Bado mama anaweka mtungi na kuondoka bila kuongea na mtu, hilo halikubadilika. Namba yangu mimi hawakuifunga. Naleta maziwa yangu kama wengine, yanakubaliwa, na simu inanijulisha.

Siku tatu baada ya ule mkutano nilienda kwa Wato. Nilimkuta uani akimwaga maji ya moto ndani ya mtungi, mvuke umemzunguka, na uso wake wazi.

“Ungeniambia pembeni,” nikasema. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, lakini hasira ndiyo ilitangulia, na nilishangaa kuiona. “Miaka thelathini, Wato! Ukanivua nguo mbele ya chama kizima. Tangu lini umejua?”

“Tangu ulipokuwa unanuka,” akasema. Alisema bila ubaya. “Maziwa yalikumwagikia kwa dera, ukalivaa wiki nzima. Wewe, ambaye ulikuwa unanipigia kelele kwa sababu ya soksi za watoto. Hiyo ni miaka minne iliyopita. Nikasema, rafiki yangu ni mgonjwa, ataniambia mwenyewe.” Akautikisa mtungi, akayamwaga yale maji. “Nikawa ninalifua lile dera lako pamoja na nguo zangu. Ulidhani ni wema wa jirani.”

Nilikuwa nimedhani hivyo.

“Na bado ungeniambia pembeni,” nikasema, lakini sauti imeshapungua.

“Nilikuja pembeni mara tatu, Khadra. Nikakaa kwako, nikakuuliza. Ulikuwa unaniangalia tu uso. Kunisikia hukunisikia.”

Hapo nikahisi aibu, aibu kweli kweli, ya moto, mpaka masikioni. Nilikuwa nimesahau inavyouma. Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia kwa Kiborana pia, kile kidogo alichonifundisha yeye.

Wato aliupindua mtungi juu ya jiwe ukauke. “Nitafikiria,” akasema.

Hiyo ilikuwa mwezi wa Shaabani. Ramadhani ikaja ikaisha, na Idi ikapita, na kwetu mtu haingii Idi akiwa na kinyongo na jirani. Ananisalimu kila asubuhi juu ya ukuta, salaam aleikum, na mimi naitikia. Bado anafikiria.